Mapengo ya Reli ya Baba

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja na kipande cha chuma alichokiokota sijui wapi, akakiegemeza mlangoni ili upepo usiubamize mlango. Kilikuwa kirefu kupita kiganja, kimeliwa na kutu, kina matundu manne. Nilikishika kukisogeza, na ile harufu ya kutu na girisi ya zamani ikabaki mkononi hata baada ya kunawa kwa sabuni. Akaniuliza, "Bibi, hiki ni nini?" Nikamwambia ni chuma cha kuungia reli. Akasema, "Kumbe huku kulikuwa na reli?" Nikajibu ndiyo, nikaenda zangu jikoni. Alidhani nimekwenda kutazama chungu, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Nyinyi mliokulia upande huu wakati wa Mwingereza hamhitaji kuelezwa. Siyo reli ile ya kukatiwa tiketi. Nasema ile ndogo ya mashamba ya mkonge, reli nyembamba ambazo watu wanne waliweza kuzibeba begani, zikitoka mashambani hadi kwenye mashine ya kukamulia majani tuliyoiita korona, na kutoka korona kuteremka hadi gatini. Shamba letu lilikuwa kati ya Mchinga na Lindi. Troli zilipanda kwa kusukumwa na watu na kuteremka zenyewe, zimejaa marobota, mtu mmoja amesimama nyuma kashika breki. Mnakumbuka harufu ya korona, ule uvundo wa majani yaliyokamuliwa ulioingia hadi kwenye wali. Mama alisema mtu akikaa miezi mitatu hausikii tena. Mimi niliusikia miaka yote.

Nilifika pale nikiwa sijang'oa meno ya mbele yote. Kabla ya hapo nililelewa na bibi yangu huko juu kwetu, katika kijiji ambacho kila mtu alikuwa Mmwera kama sisi, na mgeni mkubwa tuliyewahi kumwona alikuwa muuza chumvi. Haya ya kwamba nilitoka kijiji cha namna hiyo nayataja mapema, maana huko mbele nitataka kujificha nyuma yake, nanyi msinikubalie.

Baba yangu, Mzee Issa, alikuwa fundi wa njia. Kazi yake ilikuwa kuunganisha reli na kuziangalia zisilegee. Reli mbili zilipokutana aliweka bamba moja la chuma ubavu wa ndani na jingine ubavu wa nje, akapitisha bolti nne, akakaza nati kwa spana ndefu huku akiguna kidogo kila alipofika mwisho. Lakini kabla ya kukaza alifanya jambo moja. Kiunoni alikuwa na kamba yenye vipande vitatu vya kifuu cha nazi, amevisugua kwenye jiwe hadi vikawa bapa, kimoja kinene, kimoja cha wastani, kimoja chembamba. Asubuhi ya baridi alichomeka kile kinene kati ya ncha za reli, saa nne akatumia cha wastani, na jua likiwa utosini akatumia chembamba. Akishakaza alikichomoa, na kati ya chuma na chuma pakabaki pengo.

Mimi pengo lile lilinisumbua. Nilikuwa nimewaambia watoto wenzangu wa chuo cha Kurani kwamba baba yangu ndiye aliyejenga reli, na sasa nilipoitazama kwa karibu niliona haijaungana. Hata matundu ya mabamba hayakuwa ya duara kama bolti, yalikuwa marefu kama punje ya mchele, na bolti ilicheza ndani yake. Siku moja nilipompelekea chakula nilimuuliza, "Baba, mbona hazigusani?"

"Zinapumua," akasema, akaendelea kula muhogo.

Nilijua watu wazima wanavyojibu wakitaka mtoto aondoke. Bibi naye aliniambia watoto wanaokotwa kisimani. Nikachukua bakuli langu nikarudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kwamba baba hajui kazi na anaficha.

Aliyenithibitishia hayo alikuwa Komba, mshika breki. Alikuwa Mngoni kutoka Songea, mrefu, mwenye sauti iliyomtangulia. Kila adhuhuri troli yake ilipofika pale baba alipokuwa akifanya kazi, aliisimamisha kwa makusudi mazima ya kumsema.

"Mmwera ukimpa chuma kimoja anakiunga vizuri," aliwaambia wenzake. "Tabu inaanza vikiwa viwili."

"Babu zako walipita hapa mbio mbio na mbuzi wetu mabegani," baba alijibu bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana mpaka leo hamjui kwenda juu ya kitu kilichonyooka."

"Siku moja nitadumbukia kwenye pengo hili, mje kuniokota Lindi."

"Tutakuacha. Samaki nao wanahitaji kula."

Watu walicheka hadi wakashika matumbo. Komba akanigeukia na mimi: "Na haka Kamwera kadogo, kameshiba mihogo ya nani?" Kisha akaachia breki akaondoka, reli ikilia ta-ta, ta-ta, ta-ta kila gurudumu lilipovuka pengo.

Ninyi mnacheka sasa, maana mnajua ule ulikuwa utani. Mngoni na Mmwera, babu zao walipigana, wajukuu wakabaki na haki ya kutukanana bila kukasirika. Mimi kule kwa bibi sikuwahi kumwona Mngoni hata mmoja. Nilichoona ni mtu mzima anamdharau baba yangu mbele ya watu kila siku, na baba anacheka kwa sababu hana la kufanya. Na kicheko chenyewe nilikiona ni cha aibu. Zuhura, binti wa karani, aliuchochea moto zaidi. Tukiwa tumekaa kusubiri mwalimu wa chuo alisema kwa sauti kwamba reli ya baba yangu ina mapengo, hata Komba anasema. Watoto wakaninyooshea vidole kwenye mapengo ya meno yangu ya mbele, wakasema ni ugonjwa wa ukoo. Usiku ule sikumpa baba shikamoo hadi mama aliponisukuma.

Nikaamua kuyaziba.

Nyuma ya chumba cha kufungia marobota kulikuwa na vipande vya mikanda ya bati vilivyokatwa na kutupwa. Niliviokota nikavifunga kwenye upindo wa kanga. Asubuhi na mapema, kabla ya chuo, umande bado uko kwenye mataruma, nilikwenda pale reli inapopinda kuelekea gatini, mahali ambapo Komba alipenda kusimama. Saa ile chuma kilikuwa cha baridi na mapengo yalikuwa mapana. Nilikunja bati mara mbili, mara tatu, nikalichomeka na kuligonga kwa jiwe hadi likakaa. Nikaenda kwenye kiungo kingine, upande huu na upande wa pili. Bati lilinikata vidole. Nilimwambia mama nimechomwa na mkonge, akanipaka mafuta ya nazi, akanionya nisicheze mashambani. Nilifanya kazi ile asubuhi tano, na sijawahi tena kufanya kazi kwa bidii na furaha ya namna ile.

Siku ya tano Komba alipita pale kwenye kona, nami nilikuwepo na chakula cha baba. Troli ilipita kimya. Ile ta-ta haikusikika, palikuwa na mvumo tu. Komba akafunga breki, akainamisha sikio kwa madaha.

"Leo reli imenyamaza," akasema. "Mmwera amejifunza kazi."

Nilijaa fahari. Nilimtazama baba nione anavyofurahi. Baba hakucheka wala hakujibu utani. Aliitazama ile kona kwa mbali, akakunja uso, akasema, "Kesho asubuhi nitapita hapo." Siku ile alikuwa ameagizwa kumaliza kiungo kilicholegea upande wa korona, na mnyapara alikuwa amesimama juu yake. Kwa hiyo hakupita.

Ilikuwa ni ile miezi ya jua kabla ya mvua, ardhi inapopasuka. Kesho yake baba alianza tena upande wa korona kwa amri ya mnyapara, na mimi nilikuwa njiani na bakuli. Nilisikia mlio ambao sijausikia tena maishani, chuma kinatoa sauti ya mtu anayeinua mzigo, kisha kishindo. Nilipofika kwenye kona reli zilikuwa zimejipinda kama nyoka aliyekanyagwa, mataruma yamechomoka ardhini. Troli ilikuwa imelala ubavu. Komba alikuwa chini ya marobota na mguu wake mmoja ulikuwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Hakupiga kelele. Alikuwa akimwita Mungu kwa Kingoni, polepole.

Baba alikuja mbio na wenzake wakamtoa. Ni yeye aliyemfunga mguu kwa vipande viwili vya ubao na shati lake mwenyewe. Alimwambia, "Vumilia, Mngoni, vumilia." Komba, meno yameuma kamba ya mkonge, akajibu, "Nilikwambia nitadumbukia." Hata pale alikuwa anatania.

Bwana Meneja akafika na karani wake, yule baba yake Zuhura. Akaagiza mabamba yafunguliwe. Baba alifungua nati moja baada ya nyingine, na kati ya ncha za reli yakaanguka mabati yangu, yamebanwa hadi yamekuwa karatasi. Akafungua kiungo cha pili, cha tatu. Meneja aliyaokota akayatazama, na uso wake ukawa mwekundu. Alisema, karani akatafsiri, kwamba hii si ajali, kuna mtu ameziba nafasi za reli kwa kusudi, na anataka kumjua sasa hivi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Jua lilikuwa linachoma, reli ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, nami nikakumbuka baba alivyosema zinapumua. Chuma kilikuwa kinarefuka kwa joto na mimi nilikuwa nimekinyima pa kwenda.

Karani aliona nimesimama na bakuli. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Somoe, wewe hupita hapa kila siku. Umemwona mtu akifanya jambo hapa?"

Nikasema, "Komba."

Nikaendelea, maana uongo ukianza una njaa ya kuendelea. Nikasema Komba humtukana baba kila siku, humwambia hajui kuunga reli, na alisema siku moja reli itamwua mtu. Kila nililosema alikuwa amelisema kweli mbele yao wote. Nilichobadilisha ni kicheko tu, nilikiondoa.

Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba nilimwamini Komba kuwa adui wa baba. Niliamini nusu. Ile nusu nyingine ilijua vizuri mikono iliyokunja yale mabati ilikuwa mikono yangu, na kwamba mtu aliyelala chini hawezi kunikimbiza.

Meneja akamuuliza karani kama ni kweli huyu humtukana Issa. Karani akasema, "Humtukana, Bwana, lakini..." Hiyo "lakini" yake Meneja hakuisubiri, akasema mtu huyu alitaka kumharibia Issa kazi na mtego umemrudia mwenyewe. Baba akasogea mbele, amevua kofia.

"Bwana, huyu ni mtani wangu. Matusi ya mtani si matusi."

"Kama si matusi ni nini?" Meneja akauliza.

Baba alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta neno la kumpa yule mtu, na halikuwepo. Angemwelezaje, pale juani, kwamba yule anayemtukana kuliko wote ndiye atakayemchimbia kaburi? Akabaki na kofia mkononi. Komba alikuwa amelala palepale, anasikia kila kitu. Alinitazama mimi, kisha akamtazama baba, akafumba macho. Wakampakia kwenye lori la kwenda hospitali ya Lindi, na kabla lori halijaondoka karani alikuwa ameshaamriwa kuchukua kipande chake, ile kadi ya kazi, na kufuta jina.

Jioni ile baba alinikalisha mbele yake, akachukua mikono yangu na kuigeuza viganja juu. Aliitazama mikato kwenye vidole, mmoja mmoja. Nilingoja kofi. Laiti angenipiga. Alichofanya ni kuirudisha mikono yangu mapajani pangu, taratibu, akasema, "Sisi tuna deni la mtu." Kisha akatoka nje akakaa kizingitini hadi adhana ya alfajiri.

Asubuhi alikwenda kwa Meneja kusema kwamba aliyefanya ni mtoto wake. Aliambiwa kwamba baba mwoga humsingizia hata mtoto ili asipate maadui, na kwamba jambo limekwisha. Basi akanichukua tukaenda Lindi kwa miguu, mama ametufungia mikate ya mchele. Njiani aliniambia neno moja tu. "Ukifika, utasema mwenyewe."

Komba alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, mguu umefungwa hadi pajani. Nilimpa shikamoo. Akaitikia marahaba. Baba akanisukuma begani, na mimi nikatazama sakafu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, yamepangwa tangu njiani, na sikuyatoa hata moja. Mwisho baba alisema yeye badala yangu. "Komba, aliyeziba ni huyu. Aliona mapengo akadhani ni aibu yangu. Na utani hakuujua. Nimekwenda kwa Meneja, hakunisikiliza."

Komba akasema, "Haidhuru, Mzee Issa. Mtoto ni mtoto."

Mzee Issa. Tangu tumfahamu Komba hajawahi kumwita baba hivyo. Baba akajilazimisha kucheka, akasema, "Sasa Mngoni, na mguu huo mbuzi wetu watakuwa salama." Ilikuwa ni mbinu ya kumfungulia mlango, hata mimi niliiona. Nilimwinulia Komba macho nikimwomba ajibu kitu chochote, amtukane baba, anitukane mimi, aseme Wamwera wanazaa nini.

"Asante kwa kuja," Komba akasema. "Nendeni salama, jua lisije likawachwea."

Tukarudi. Njia nzima baba alitembea mbele yangu, na mara mbili alisimama kana kwamba amesahau kitu, kisha akaendelea.

Komba alipona akiwa na kilema. Hakurudi Songea. Alikaa Mchinga akishona viatu. Baba alimpelekea unga na nazi kila alipopata nafasi, na kila mara alirudi akisema, "Amenipokea vizuri sana," kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Waliheshimiana hivyo miaka yote iliyobaki. Baba aliendelea na kazi ya njia, na hakuna mtu mwingine aliyesimamisha troli kumsema.

Alipofariki mimi nilikuwa nimeshaolewa na nina watoto wawili. Siku ya pili ya matanga Komba akafika na fimbo yake, ametembea kutoka Mchinga. Minong'ono ikapita ukumbini, na mjomba akasema kwa furaha, "Mtani amekuja, sasa kutachangamka." Watu wakamfanyia nafasi katikati ya mkeka. Mnajua tulichokuwa tunangoja. Mtani akija msibani huigiza marehemu alivyokuwa akitembea, huvaa kofia yake, husema ametuacha kwa sababu ya uvivu, na wafiwa hucheka huku wanalia, na ndipo msiba unapoanza kubebeka. Hata wanawake jikoni waliacha kupepea moto ili wasikie.

Komba alitoa mkono kwa kila mtu. Akasema poleni. Akakaa, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, akainamisha kichwa kama mgeni yeyote.

Nilimpelekea chakula mwenyewe. Nikapiga magoti, na kwa mara ya kwanza maishani nikasema, "Mzee Komba, ni mimi niliyeziba reli, na ni mimi niliyesema uongo. Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile ile, mama," akasema. Nilimtazama usoni na niliona ni kweli.

"Basi mtanie mwenzako. Watu wanangoja."

Akageuza macho kwenye kofia ya baba iliyokuwa imetundikwa ukutani. Midomo yake ilianza kusogea, na mjomba akaanza kutabasamu.

"Kila nikitaka kusema," Komba akaniambia kwa sauti ya chini, "nasikia kwanza mtoto anasema ninamtukana baba yake. Nikishasikia hivyo, mama, naona kweli yatakuwa matusi."

Akaomba maji ya kunawa. Nilimshikia birika, akanawa, akala kidogo kwa adabu, akamwombea marehemu, akaondoka kabla ya alasiri. Baba yangu aliagwa bila mtani.